Mwizi Ndani ya Stoo ya Kabura

Kabura wa Njenga hakuwahi kuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani, padre akirefusha mahubiri kidogo, utamwona ameinuka kufungua dirisha au kumtoa nje mtoto wa mtu mwingine. Yeye na mumewe walikuwa na agroveti pale senta ya Kapseret, kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Waliuza pumba, molasi, chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe. Wateja walimwita Mama Munene, kwa jina la mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Nairobi.

Nguvu zilizobaki baada ya kazi ya duka alizipeleka kwenye kikundi cha kutetea uhai cha parokia yetu. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti. Akisikia msichana fulani ana mimba na amefukuzwa nyumbani, alikuwa anafunga duka mchana kweupe na kwenda kumtafuta. Wasichana wawili walikaa kwake mpaka wakajifungua. Lile bango kubwa kwenye geti la kanisa, linalosema uhai ni zawadi ya Mungu na kutoa mimba ni kuua, yeye ndiye aliyelipigania mpaka likatundikwa.

Mtu wa pekee aliyembishia usoni alikuwa Cherono, muuguzi wa kliniki iliyo ng'ambo ya barabara. Cherono alibatizwa na kulelewa Mkatoliki, lakini siku hizi tulimwona kanisani Krismasi tu. Jioni, akija kununua chakula cha kuku wake, mabishano yalianza kabla mfuko haujawekwa kwenye mizani.

"Mama Munene, nimesoma tena bango lako," atasema. "Wewe huwaoni wale wanaoletwa kwangu wakiwa wamekunywa sijui majani gani, sijui tembe za nani."

"Ndiyo maana nasema wasifanye."

"Unasema, na wao wanafanya. Mimi ndiye nazuia damu."

"Hata katiba inasema uhai unaanza mimba ikitungwa."

"Soma mpaka mwisho. Inasema pia daktari akiona maisha ya mama ama afya yake iko hatarini. Mbona hiyo hamkuiandika?"

Siku moja Cherono alimwambia neno ambalo Kabura alilirudia kwetu kwenye sala za jumuiya kwa hasira. Alimwambia, "Mtoto wa tumboni hajakukosea kitu. Kumtetea huyo ni rahisi."

"Rahisi!" Kabura alisema, akizunguka sebuleni kwa Jelagat na kikombe cha chai mkononi. "Aje akae na msichana anayelia mwezi mzima, ndipo aniambie habari ya rahisi."

Jelagat, mwenye nyumba, alimcheka na kumwambia akae chini, chai itamwagika. Wawili hawa walikuwa marafiki wa kweli. Mwaka ule wa ghasia za baada ya uchaguzi, 2008 mwanzoni, Jelagat alimficha Kabura na Munene kwenye ghala la mahindi. Vijana walipokuja na mishale kuwasaka watu wa kabila la Kabura, alisimama mlangoni akawaambia kwa Kinandi kwamba hapa hakuna mtu. Baadaye, familia ya Kabura ilipotoka kwenye kambi ya wakimbizi na kuanza duka upya, Jelagat ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Mambo hayo hatukuyazungumza sana. Kila mtu aliyajua.

Wakati wa Kwaresima, Padre Oyugi alikuja jumuiyani kutufundisha juu ya uhai. Alisema mafundisho ya Kanisa hayaruki mtu: mtoto tumboni, mgonjwa asiye na matumaini, mzee aliyesahau jina lake, hata muuaji aliye gerezani. Alisema Katekisimu ilirekebishwa mwaka wa 2018, na sasa Kanisa halikubali tena adhabu ya kifo.

"Na wezi wa pikipiki, Fada?" mmoja wetu akauliza. Msimu huo pikipiki zilikuwa zinaibwa sana.

"Hata wao."

"Fada, wewe huna pikipiki," Jelagat akasema, na nyumba nzima ikacheka. Kabura naye alicheka. Kipkoech, kitinda mimba wa Jelagat, ndiye aliyekuwa na pikipiki. Alibeba abiria pale stegi, kituo cha boda boda, na akipata nafasi alikuwa akimshushia Kabura magunia bila kuitwa.

Ilikuwa Agosti, mahindi yamepita kimo cha mtu. Asubuhi moja Kipkoech alipata abiria wa kwenda mashambani ndani. Njiani, mahali pasipo na nyumba, abiria yule akamdunga kisu ubavuni, akamsukuma chini, akaondoka na pikipiki. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alisikia mlio wa mtu, akamkuta kijana, akapiga simu stegi. Vijana wa boda boda wakafunga barabara. Mwizi alipofika senta na kuwaona, aliitupa pikipiki na kukimbia kwa miguu. Mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa wa agroveti.

Kabura alikuwa anapima pumba. Akaona mtu ameingia, jasho likimtiririka, mkono wa koti una damu.

"Mama, nifiche. Wataniua."

Kabura alituambia baadaye kwamba hakukumbuka mafundisho ya nani. Alichosikia ni miguu. Ile sauti ya watu wengi ambao wameshakubaliana, aliijua tangu zamani, na mwili wake ukafanya kazi kabla ya akili. Alimshika yule mtu kwenye ukosi, akamburuta mpaka ua wa nyuma, akamsukuma ndani ya stoo ya magunia, akapiga kufuli. Ufunguo akautia kwenye mfuko wa aproni, akawapigia polisi simu. Kisha akageuka, akaegemeza mgongo kwenye ule mlango wa chuma, na ua ukajaa watu.

Mbele alikuwa Kipkorir, mwenyekiti wa stegi. "Mama Munene, toka hapo."

"Nimeita polisi. Wako njiani."

"Polisi wakuje wafanye nini? Wamshike leo, wiki ijayo tumuone hapa ameachiliwa na bondi?"

"Sitoki, Kipkorir."

"Unajua amedunga nani? Amedunga Kipkoech!"

Kabura hakuwa amejua. "Kipkoech wa Jelagat?"

"Huyo huyo. Amekimbizwa hospitali. Sasa fungua."

Jiwe likatua kwenye mlango karibu na kichwa chake. Kijana mmoja alikuwa ameshachota petroli kutoka kwenye tangi la pikipiki, ameijaza kwenye chupa ya maji ya dukani. Nyuma ya chuma, mgongoni mwake kabisa, Kabura alisikia yule mtu akilia na kusema, "Nilitaka pikipiki tu, mama. Nilitaka pikipiki. Sikutaka kumuumiza." Akatamani anyamaze.

Hapo ndipo Cherono alipopenya umati, bado amevaa sare yake ya buluu. Hakuuliza kitu. Alisimama kando ya Kabura, bega kwa bega, akatazama watu.

Simu ya Kipkorir ikalia. Akasikiliza, akajibu neno moja, kisha akakaa chini juu ya gunia tupu kama mzee. "Kipkoech ameenda," akasema.

Baada ya hapo kelele ilipanda upya, na sasa haikuwa na maneno tena.

Kabura alimwona Kipkoech akilini, na gunia begani, akiuliza, "Niweke wapi, mama?" Na mkono wake ukaingia mfukoni. Haya ni maneno yake mwenyewe, sikuyatunga: mkono uliingia mfukoni ukashika ufunguo, na haukuushika ili kuulinda. Aliutoa. Kijana mwenye chupa alipouona akasogea.

Kabura akamgeukia Cherono. "Shika hii," akamwambia. "Mimi sijiamini."

Cherono aliuchukua, akaudumbukiza kifuani ndani ya sare. Kisha akapaza sauti. "Ufunguo niko nao mimi. Kipkorir, mke wako nimemzalisha mwezi jana. Simama uje uuchukue." Kipkorir hakusimama. "Wewe wa chupa, mama yako namshona kidonda kila Jumatatu. Njoo." Akaendelea hivyo, akiwataja mmoja mmoja, mpaka Landiruva ya polisi ikaingia kwa kuzomewa. Mwizi alipotolewa alipigwa jiwe likampasua paji la uso, lakini alifika garini akiwa hai. Jina lake lilikuwa Nicholas.

Kabura hakulala vizuri tena tangu siku hiyo. Mchana alikuwa anatembea: dukani, nyumbani, kanisani, tena dukani. Siku ya mazishi alienda na akina mama wa jumuiya, amebeba sufuria ya chakula. Jelagat alimwona akiingia kwenye boma, akainuka kutoka kwa watu waliomzunguka, akamfuata mpaka getini.

"Mama Kipkoech," Kabura akaanza, "sina neno la..."

"Kabura." Kwa miaka yote hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu. "Unakumbuka nilikuficha?"

"Nakumbuka."

"Nilikuficha kwa sababu hukuwa umeua mtoto wa mtu." Alisema kwa sauti ya chini, bila kulia. "Huyo wako ameua. Chukua chakula chako urudi nyumbani."

Kabura alirudi. Alitembea na sufuria yake mpaka senta, akiipita stegi, na vijana wa boda boda wakamtazama bila salamu.

Wateja wakapungua. Ilienezwa kwamba amemficha mwizi kwa sababu ni mtu wa kwao. Hakuwa wa kwao, Nicholas alitoka mbali, lakini uvumi haungoji kitambulisho. Asubuhi moja walikuta oili chafu imemwagwa kwenye mlango wa duka. Wakati Kabura anasugua, Njenga, mumewe, alisimama nyuma yake na maji ya sabuni.

"Tuhamie Ainabkoi kwa ndugu yangu," akasema. "Huko kuna wafugaji pia."

"Nikihama nitakuwa nimekubali kwamba nilikosa."

"Kwani hukukosa?"

"Sijui, Baba Munene." Akaendelea kusugua. "Kama ningejua, ningehama ama ningekaa kwa amani."

Hata kikundi cha kutetea uhai kilimwomba apumzike kidogo uenyekiti. Mmoja alimwambia wazi kwamba ameharibu jina la kikundi, sasa watu wanakiita kikundi cha kutetea wezi. Padre Oyugi alikasirika, akahubiri Jumapili nzima juu ya jambo hilo, na baadhi ya watu wakatoka kabla ya Komunyo. Baada ya misa alimwambia Kabura, "Ulifanya vema."

"Mbona basi sina amani, Fada?"

Padre alikuwa mkweli. "Hata mimi sijui," akamjibu. "Niliyafundisha haya nikiwa nimekaa kwenye kochi."

Novemba, mvua za mwisho zikinyesha, Cherono alivuka barabara akakuta duka halina mtu. Hakununua kitu. Alivuta kiti.

"Siku ile nilikubebea ufunguo wako," akasema. "Leo na wewe nibebee jambo langu. Kaa."

Kabura akakaa kwenye ukingo wa gunia.

"Unamkumbuka Seline? Yule wa kidato cha pili, mwimbaji wa kwaya."

"Aliyekufa na malaria. Nilipika kwenye mazishi yake."

"Haikuwa malaria." Cherono alitazama mvua. "Alitoa mimba kwa mtu fulani huko mtaani. Kufika kwangu, damu imeshaharibika. Nilipokuwa namtafutia gari nilimuuliza, mbona hukuenda kwa Mama Munene? Si yeye husaidia wasichana? Akaniambia, 'Yeye ni wa bango.' Hivyo tu. Alikata roho kabla hatujafika barabara kubwa. Familia ikaniomba ninyamaze, nikanyamaza. Lakini siwezi tena kuona wewe unalia usiku juu ya mwizi na hujui habari ya huyu."

Kabura aliinuka. Akapanga mikebe ya dawa iliyokuwa imepangika. "Na yule mtoto aliyekuwa ndani yake?" akauliza bila kugeuka. "Huyo naye nani atamlilia?"

"Nani amekuambia nililia mmoja?"

"Basi ukubali ilikuwa makosa."

"Nakubali walikufa wawili. Wewe unataka niseme makosa ni ya nani. Mimi nasema kama angeweza kuja mapema, pahali safi, bila kuogopa mtu, ningekuwa na mmoja aliye hai."

"Mmoja kwa kumuua mwingine."

"Mmoja badala ya kukosa wote!"

Walipigiana kelele mpaka Njenga akatoka nyuma kuangalia. Cherono akaondoka bila kuaga. Lakini Kabura hakuweza kubaki dukani. Alijifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatembea kwenye tope mpaka kanisani, akasimama mbele ya lile bango. Alilitazama muda mrefu. Maneno yote aliyaamini. Bado anayaamini hata leo, na msomaji asidhani vingine. Mvua ilipokatika aliomba kalamu nzito kwa katekista, akapanda kwenye kiti, na chini ya maneno yale akaandika kwa mkono wake: Njoo hata kama umeshafanya. Kando yake akaweka nambari yake ya simu.

Jambo hilo lilileta vurugu mpya. Wanakikundi walisema ni kama kuwapa wasichana ruhusa. Cherono naye alisema ni kama kumngoja mtu afunguke kidonda ndipo umletee bendeji. Padre Oyugi alisoma maandishi yale, akajikuna kidevu, akayaacha.

Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata katika Mahakama Kuu ya Eldoret. Kabura aliitwa kama shahidi wa serikali. Alieleza damu ya kwenye koti, na maneno aliyoyasikia nyuma ya mlango. Wakili wa Nicholas alimuuliza, "Wewe si ndiye ulimwokoa? Mbona sasa unamzamisha?"

"Nilimfungia asichomwe," Kabura akajibu. "Sikumfungia asijibu."

Alipatikana na hatia. Kabla ya hukumu, jaji aliuliza kama familia ya marehemu ina la kusema. Jelagat alisimama, ameshika rozari.

"Mheshimiwa, Kanisa langu linasema huyu asinyongwe. Nimefundishwa, nimesikia. Mimi ni mama wa Kipkoech. Naomba anyongwe." Akakaa.

Padre Oyugi, aliyekuwa benchi moja naye, aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu Jelagat, wala mimi simlaumu.

Nicholas naye akapewa nafasi. Alizungumza akitazama sakafu. Alisema alidhani kijana ataachia pikipiki akiona kisu, lakini hakuachia. Alisema hajasahau maneno yake ya mwisho. "Aliniomba simu yake niliyokuwa nimeichukua," akasema. "Aliniambia, nenda na pikipiki, lakini niachie simu nimpigie mama."

Jelagat alitoa sauti moja ambayo sitaki kuieleza.

Jaji alimfunga miaka thelathini.

Nje, Kabura alisimama peke yake karibu na ukuta, akihamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Jelagat alitoka na ndugu zake. Aliwaambia watangulie, akamjia.

"Kama wangemchoma siku ile," akasema, "nisingesikia hayo maneno."

Kabura akaacha kuhamisha mkoba.

"Alinitaka mimi. Mpaka mwisho alinitaka mimi." Akaikunja rozari mkononi. "Sijui kama nakushukuru ama nakulaani. Usiniulize."

"Sitakuuliza, Mama Kipkoech."

Jelagat akaenda kwenye gari. Baadaye alihamia jumuiya ya upande wa mto, na chakula cha ng'ombe ananunua mjini. Wakikutana kwenye ushirika wa maziwa wanasalimiana kwa mkono, basi. Wateja wengine walirudi polepole, kwa sababu ng'ombe lazima wale. Kipkorir alirudi mapema kuliko wote, na hajawahi kuitaja siku ile.

Cherono bado anavuka barabara jioni. Bado wanabishana, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Tofauti ni kwamba siku hizi Kabura humuuliza pia habari za kliniki, na Cherono humweleza.

Simu ya Kabura nayo hailali. Wengi wanaopiga ni wa matusi. Wachache ni wasichana, na baadhi yao amewapeleka mwenyewe hospitali bila kuuliza walichofanya. Wiki iliyopita mmoja alipiga, akasema, "Ni wewe wa bango?" Kabura akajibu, "Ni mimi, mama, uko wapi?" Yule akapumua mara kadhaa, akakata. Kabura alipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa. Leo asubuhi nilipopita dukani nilimkuta amesimama mlangoni na mteja anamngoja, akijaribu nambari ile tena.